Kunde nyuma ya nyumba: historia ya bustani zetu za Kisangani

Mara nyingi, tunapozungumzia mila za Kisangani, tunataja vitu ambavyo wageni wanakuja kupiga picha: mitego ya Wagenia kwenye maporomoko, mitumbwi ya Walokele, ngoma iliyokuwa ikipeleka habari kutoka kijiji mpaka kijiji. Ni sawa, vitu hivyo vinatupa heshima. Lakini kuna mila nyingine ambayo iko nyuma ya nyumba zetu, karibu na jiko, na watu wachache sana wanaihesabu kuwa mila. Tunataka kusema bustani ya mama: mistari miwili mitatu ya lenga-lenga, matembele chini, mti wa papai, na kunde zinazopanda juu ya fito za ua.

Sisi tunafundisha historia katika shule ya sekondari. Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto wa mji huu tarehe za vita na majina ya wakubwa. Siku moja, tulipokuwa tukieleza vita vya Kisangani, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, wakati batu balikuwa banakimbia, balikuwa banakula nini?" Darasa lote lilicheka. Sisi tulicheka pia, lakini jibu halikuwemo ndani ya daftari letu. Makala haya ni namna ya kumjibu mtoto yule.

Chakula cha mto na cha msitu

Tuanze kwa kusema wazi: Kisangani haikuwa nchi ya maharagi. Mji uko karibu sana na ekweta, kwenye urefu wa mita 400 hivi juu ya bahari. Mvua inanyesha karibu miezi yote, na kwa mwaka inapita milimeta 1,700. Joto ni digrii 25 hivi kwa wastani. Watu wa mto, Wagenia na Walokele, walikuwa na samaki. Watu wa msitu, Wakumu, Wambole, Walengola, Wamanga na wengine, walikuwa na ndizi, nyama ya pori, uyoga na mabinzo. Kwenye masoko ya kando ya mto, wanawake wa wavuvi walibadilisha samaki kwa ndizi na muhogo wa wanawake wa mashamba. Kile ambacho leo waganga wanakiita protini kilitoka zaidi majini na porini.

Hata hivyo, jamii ya kunde haikukosekana. Wataalamu wa lugha wanaonyesha kwamba neno kunde ni la zamani sana katika lugha za Kibantu. Linakutwa, kwa sura mbalimbali, kutoka upande wa Atlantiki mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Vilevile neno njugu: kwanza lilikuwa jina la njugu mawe, ile inayozaa chini ya udongo, mbele ya karanga kufika kutoka Amerika na kupewa jina hilohilo mahali pengi. Mmea ambao jina lake limezeeka hivyo katika vinywa vya watu hauwezi kuwa mgeni wa jana.

Haragi la kawaida, lile ambalo wengi wetu tunaliita madesu, njo mgeni. Lilitoka Amerika, likafika Afrika kwa njia ya meli za Wareno toka karne ya 16. Likaingia bara pole pole, na likapenda milima ya Kivu, Rwanda na Burundi, kwa sababu huko kuna baridi kidogo. Huko likawa chakula cha kila siku. Kwetu, katika bonde la mto, lilichelewa, na sababu yake tutaiona mbele.

Waungwana na sahani ya wali

Mwisho wa mwaka 1883, Stanley aliacha kituo kidogo kwenye kisiwa karibu na maporomoko. Lakini wafanyabiashara waliotoka pwani kwa njia ya Maniema walikuwa wamekwisha kufika sehemu zetu. Februari 1887, kwa mkataba uliofanyika Unguja, Hamed bin Muhammed, ambaye wote wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold II. Watu waliokuja pamoja na wakubwa hao walijiita waungwana, na Kiswahili chetu kikaitwa Kingwana.

Walileta lugha na dini. Walileta pia utumwa, na maumivu yale hatuwezi kuyafunika. Upande wa chakula, walieneza kilimo cha mpunga kutoka Maniema mpaka kwetu. Watu wa pwani wanajua kula wali pamoja na kitoweo cha kunde, cha mbaazi au cha choroko. Sahani yetu ya leo ya wali na madesu, ile tunayoila siku ya Jumapili kama vile ilizaliwa Mangobo, ina undugu na sahani ya waungwana. Vita vya 1892 mpaka 1894 vilimaliza utawala wao, lakini mpunga ulibaki.

Wakati wa poso

Serikali ya Wabeleji ilibadilisha chungu chetu kwa namna mbili.

Ya kwanza ilikuwa njia. Mwaka 1906, reli ya kilometa 125 ilifunguliwa kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ili mizigo izunguke maporomoko. Baadaye barabara ziliunganisha mji na Kivu kwa upande wa Lubutu na Walikale, na kwa upande wa Ituri. Magunia ya maharagi ya milimani yakaanza kuteremka.

Ya pili ilikuwa kazi ya mshahara. Wanaume waliingia katika kambi za reli, za bandari na za mashamba makubwa. Sheria iliwalazimisha mabwana wa kazi kuwalisha wafanyakazi, na chakula hicho kikaitwa poso. Kwa sababu kilitolewa kila wiki, mpaka leo katika Kilingala neno mposo ni wiki. Haragi kavu lilifaa sana kwa kazi hiyo. Linakaa miezi bila kuoza, linapimwa kwa kikombe, linasafiri vizuri ndani ya gunia. Hivyo haragi lilijulikana kama chakula cha kambi, cha misioni, cha internati na cha gereza. Wazee wetu wengi walilijua kwenye foleni mbele ya kulijua shambani.

Wakati huohuo, toka amri ya Februari 1917, wanakijiji walilazimishwa kulima mimea ya serikali siku 60 kwa mwaka. Katika Jimbo la Mashariki ilikuwa hasa pamba na mpunga. Mwaka 1933 ilianzishwa INEAC, na kule Yangambi, kilometa 100 hivi chini ya mji, wataalamu walitafiti michikichi, kahawa na mpunga. Mpunga wao ulioitwa R66 ulienea mbali. Utafiti wa maharagi ulikuwa zaidi kule Mulungu, katika Kivu. Bustani ya mama nyuma ya nyumba haikuwa pamba, wala haikuwa kahawa. Hakuna karani aliyeipima wala aliyeitoza kodi. Ndiyo sababu haionekani katika ripoti. Ilibaki mikononi mwa wanawake, na habari yake ilipita kwa mdomo.

Kuhusu petipwa za kizungu, zile njegere za kijani, historia yake kwetu ni fupi. Zinapenda baridi, zinastawi milimani kama vile Lubero na Masisi. Huku chini joto linazichoma mbele ya kutoa maua. Kisangani petipwa ilikuja ndani ya kopo, na mpaka leo iko ndani ya kopo.

Kwa nini madesu hayapendi bustani zetu

Watu wengi wa mji wamejaribu kupanda madesu ya soko. Yanaota vizuri, siku ya tano au ya sita tunaona majani, tunafurahi. Kisha matatizo yanaanza. Haragi la kawaida linapenda joto la digrii 18 mpaka 24. Mchana wa Kisangani unapita pale mara nyingi, na joto likizidi, maua yanaanguka mbele ya kufunga. Mvua nyingi nayo inaleta kuvu: majani yanashikamana kama yamemwagiwa maji ya moto, halafu yanaoza. Funza wa nzi mdogo anaingia ndani ya shina. Mwishoni tunavuna kiganja kimoja, na jirani anatucheka.

Kunde hazina shida hiyo. Asili yake ni Afrika, na joto si adui yake. Tena zinatoa chakula mara mbili. Baada ya wiki tatu au nne tunachuma majani machanga kama mboga. Baada ya miezi miwili au miwili na nusu, kunde za haraka zinatoa maganda. Mizizi yake ina vifundo vidogo ambamo wadudu wasioonekana kwa macho wanashika naitrojeni ya hewa, na udongo unapata nguvu. Wamama wetu hawakusoma jambo hilo katika kitabu, lakini walijua kwamba pale kunde zilipokaa, lenga-lenga ya msimu unaofuata inakuwa nyeusi na nene.

Kulikuwa pia na haragi lingine, lile kubwa na bapa linalopanda juu ya mti mzima kama vile avoka. Punje zake nyingine ni nyeupe, nyingine zina madoa mekundu au meusi. Mti mmoja ulitosha nyumba moja kwa muda mrefu. Wazee waliagiza kulichemsha sana na kumwaga maji ya kwanza, na walikuwa na haki, maana zile za rangi zina sumu ambayo inatoka kwa kuchemsha. Leo, katika komini zote 6 za mji, unaweza kutembea avenyu nzima bila kuona mti mmoja wenye haragi hilo.

Njia zinapofungwa

Sasa tufike kwenye swali la mwanafunzi.

Mwanzoni mwa Agosti 1964, Wasimba waliuteka mji. Tarehe 24 Novemba 1964 wanajeshi wa Ubeleji waliteremka kwa parachuti, na jeshi la serikali likaingia. Watu wengi walikimbilia msituni, na wengine walikaa huko muda mrefu sana. Nyanya yetu alikuwa mmoja wao. Alitusimulia kwamba siku ya kutoka alibeba mtoto mgongoni, sufuria moja, na kifundo kidogo ndani ya pembe ya kitambaa chake. Tulidhani ni pesa. Akasema: "Feza ilikuwa ya kufanya nini mu pori? Ilikuwa mbegu."

Miaka 30 na zaidi ikapita. Tarehe 15 Machi 1997 AFDL iliingia Kisangani. Agosti 1998 vita vingine vikaanza, na mji ukawa upande wa waasi. Mto, ambao ni barabara yetu kubwa ya kwenda Kinshasa, ulikatwa na mstari wa mapigano. Chumvi, sabuni, sukari, vyote vilikuwa vinakuja kwa ndege au havikuja. Vijana walipanda baiskeli zao, wakaenda mamia ya kilometa kutafuta muhogo, mchele na mafuta ya mawese. Toleka, ambayo leo watu wanaiona kama usafiri wa maskini, ililisha mji mzima.

Agosti 1999 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Mwaka uliofuata, toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, yakapigana tena siku sita. Zaidi ya mabomu 6,000 yalianguka juu ya mji, mamia ya raia walikufa. Sisi tulikuwa na miaka kumi na tisa hivi. Tulilala chini ya kitanda pamoja na wadogo zetu, na mlango wa jiko ukawa mbali kama Kinshasa.

Walipoacha kupiga, mama alitoka kuangalia bustani yake kabla ya kuangalia paa. Upande mmoja bomu la parseli ya jirani lilikuwa limetupa udongo na vipande vya chuma juu ya mistari yote. Akatukataza kugusa upande ule, na kweli hatukuugusa mpaka watu wa kuondoa mabomu walipopita. Upande mwingine ulibaki mzima. Mama akaingia ndani, akatoa chupa moja ya bia iliyokuwa chini ya kitanda kilekile tulichojificha. Siku sita tulilala pembeni ya ile chupa bila kujua. Ndani yake kulikuwa na kunde zilizochanganywa na majivu.

Ndugu yetu mdogo, ambaye alikuwa na njaa, alisema tuzipike. Mama akajibu: "Apana. Ukikula mbegu, umekula na mwezi unaokuja." Akapanda jioni ileile. Mwisho wa Juni tulianza kula majani, yaliyopikwa na mawese na chumvi kidogo. Hayakutushibisha. Lakini kila siku kulikuwa na kitu ndani ya sufuria, na mama hakwenda kuomba kwa mtu. Majirani wawili walipata mbegu kutoka chupa ile, na mmoja wao aliturudishia kikombe kizima msimu uliofuata.

Namna ya mama

Tumeandika hapa alivyofanya, kwa sababu sasa amezeeka na hatuoni mtu mwingine wa kumwandika.

Alipanda wakati mvua kubwa inarudi, mwezi wa tatu au mwezi wa tisa. Alitia punje mbili au tatu katika kila shimo, si chini sana, kama kifundo kimoja cha kidole. Kati ya shimo na shimo aliacha shubiri moja na nusu, kati ya mstari na mstari hatua moja ndogo. Kunde zinazolala aliziweka katikati ya mahindi, zinazopanda aliziweka kwenye ua. Vidudu vyeusi vikija juu ya ncha za majani, alimwaga majivu asubuhi, wakati umande ungalipo. Majani hakuchuma yote. Kwenye kila mmea aliacha ncha ya katikati ili maua yatoke.

Mbegu hakuchagua siku ya mavuno. Alichagua mbele, mmea ukiwa bado umesimama: alifunga uzi mwekundu kwenye mimea mitano au sita yenye nguvu, na watoto walijua kwamba kugusa pale ni fimbo. Maganda yakikauka, alianika punje siku tatu juani. Halafu akachanganya na majivu makavu yaliyochungwa, akajaza chupa mpaka mdomoni, akaziba. Punje za kula alizipaka mafuta kidogo. Fukusi anapenda kunde kuliko sisi, lakini ndani ya chupa iliyojaa majivu hana hewa wala nafasi ya kutembea.

Tunachopoteza

Leo maharagi ya milimani yanafika Kisangani kwa kamiyo, hasa kwa njia ya Ituri kutoka upande wa Butembo. Tunashukuru. Lakini kila mama wa soko anajua kwamba bei ya kopo inafuata hali ya njia: mvua ikikata barabara, au watu wa silaha wakiifunga, bei inapanda. Januari 2025 Goma ilitekwa, Februari ikafuata Bukavu. Na hata karibu yetu, toka 2023, mgogoro kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, ng'ambo ya mto upande wa Lubunga, umewafukuza watu wengi kutoka mashamba yao. Hakuna mtu wa Kisangani anayeweza kusema kwamba habari ya njia kufungwa ni ya zamani.

Wakati huohuo bustani zinakufa. Parseli inagawanywa mara mbili, mara tatu, kwa watoto au kwa wapangaji. Pale palipokuwa kunde kuna kiosko cha kuuza megabiti. Sisi wa shule tuna sehemu yetu ya kosa. Katika shule nyingi mtoto anaona jembe siku ya adhabu tu: amechelewa, aende kulima. Baada ya miaka sita ya namna hiyo, tunashangaa kwa nini kijana mwenye diploma anaona haya kushika udongo.

Wote tunajua maneno "madesu ya bana". Afisa anapotaka kitu chini ya meza, anaomba maharagi ya watoto wake. Tunacheka, lakini maneno hayo yanaeleza jambo la kweli: kwetu haragi ni kitu cha kuomba kwa mwenye nacho. Kunde za nyuma ya nyumba hakuna aliyeziomba kwa afisa.

Mwaka uliopita tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya nyumbani: kila mmoja amuulize nyanya yake au mama mzee wa jirani ni mbegu gani alikuwa nazo, na alizipata kwa nani. Wengi walirudi na majina tu. Wachache walirudi na punje ndani ya karatasi. Na yule mtoto wa swali la zamani, ambaye leo yuko darasa la mwisho, alileta punje nne za lile haragi bapa, nyeupe na madoa mekundu. Nyanya yake anaishi kandokando ya barabara ya Buta, alizipata kwa mama yake.

Tulizipanda kando ya ua wa shule. Punje mbili zilioza, mbili ziliota. Moja imekwisha kufika juu ya mti wa maembe. Tumefunga uzi mwekundu kwenye shina lake, na kila ndugu msomaji anayetaka mbegu, aje na chupa yake wakati maganda yatakapokauka.